Kulichimbua wimbi la GW150914 kwa kompyuta yako, na kulisoma hadi kwenye asili ya mashimo meusi

Tarehe 14 Septemba 2015, saa 6 na dakika 50 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, wimbi la graviti, yaani mtikisiko wa nafasi yenyewe, liliipita Dunia na kuitikisa mitambo miwili ya LIGO, inayopima mawimbi hayo nchini Marekani, kwa moja ya tano ya sekunde. Lilikuwa wimbi la kwanza la aina hiyo kunaswa moja kwa moja na binadamu, na likaitwa GW150914 kutokana na tarehe yake. Data yake iko wazi kwa yeyote, na sehemu unayoihitaji ni kama MB 1 kwa kila mtambo. Ukiwa na kompyuta ya kawaida na hesabu za sekondari utaliona wimbi lenyewe, utapima masi ya vitu vilivyolizalisha, na utathibitisha kwamba havikuwa nyota za kawaida wala nyota za nyutroni (mabaki madogo na mazito mno ya nyota zilizokufa). Usikubali tu kwa sababu umeambiwa. Hesabu zote zinafanyika mezani pako.

Unatafuta kitu cha ukubwa gani

Kila mtambo wa LIGO una mikono miwili yenye urefu wa km 4, iliyopangwa kwa umbo la herufi L. Mmoja uko Hanford, jimbo la Washington, na mwingine Livingston, jimbo la Louisiana, umbali wa km 3,000 hivi. Mwali wa leza hugawanywa, nusu yake hupita mkono mmoja na nusu mkono wa pili, hurudishwa na vioo vya kilo 40 vilivyoning'inizwa, kisha nusu hizo hukutanishwa tena. Wimbi la graviti likipita, mkono mmoja hurefuka huku mwingine ukifupika. Data unayopakua ni namba moja kwa kila nukta ya wakati: tofauti ya urefu wa mikono miwili ikigawanywa kwa urefu wa mkono. Namba hiyo huandikwa h, na haina kizio.

Kwenye GW150914, h ilifikia 10⁻²¹. Zidisha kwa mita 4,000 upate mita 4×10⁻¹⁸, yaani takriban sehemu moja ya mia nne ya kipenyo cha protoni. Mitetemo ya ardhi, umeme wa jengo na joto la nyuzi zinazobeba vioo vyote huacha alama kubwa kuliko hiyo kwenye data ghafi. Kwa hiyo usitarajie kufungua faili na kuona kitu. Kazi kubwa iko kwenye kusafisha.

Shika namba hizi tangu mwanzo, maana ndizo zitakazokuambia kama umepata kitu cha kweli: ishara hupanda kutoka hezi 35 hadi 250 ndani ya sekunde 0.2 hivi, ikipiga mizunguko minane tu. Nguvu yake huwa kubwa zaidi karibu na hezi 150. Ilifika Livingston kwanza, na Hanford milisekunde 7 baadaye. Mwanga husafiri kati ya mitambo hiyo miwili kwa milisekunde 10, na wimbi la graviti huenda kwa kasi hiyohiyo; ukipata mpishano unaozidi hapo, unalinganisha vitu viwili visivyohusiana.

Kupakua bila kumaliza bando

Ingia kwenye tovuti ya gwosc.org, kituo cha data wazi cha mawimbi ya graviti, kisha utafute ukurasa wa tukio GW150914. Utakuta mafaili ya aina kadhaa. Chagua yenye sifa tatu: sekunde 32, sampuli 4096 kwa sekunde (huandikwa 4 KHz), na muundo wa HDF5. Chukua moja la H1, ambayo ni Hanford, na moja la L1, ambayo ni Livingston. Usichukue ya sekunde 4096 kama unalipia intaneti kwa bando: kwa baiti 8 kwa kila namba, faili moja la hivyo ni kama MB 134 kabla ya kubanwa, na kwa kazi hii halikupi faida ya maana. Muundo wa GWF nao uuache, kwa sababu kuusoma kunadai maktaba za ziada ambazo mara nyingi hukwama wakati wa kusakinisha.

Programu inayohitajika ni Python 3 na maktaba iitwayo GWpy. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa. Kama kompyuta yako ni dhaifu au huna ruhusa ya kusakinisha, tumia Google Colab ndani ya kivinjari: hesabu zinafanyikia huko kwao, na hata mafaili unaweza kuyashusha moja kwa moja hukohuko bila kupitia kwenye bando lako.

```
pip install gwpy
```

Yape mafaili majina mafupi, kisha yasome:

```
from gwpy.timeseries import TimeSeries
hanford = TimeSeries.read('H1.hdf5', format='hdf5.gwosc')
livingston = TimeSeries.read('L1.hdf5', format='hdf5.gwosc')
```

Muda ndani ya mafaili huhesabiwa kwa sekunde za GPS, tangu tarehe 6 Januari 1980. Tukio letu liko kwenye sekunde 1126259462.4. Wengi hujaribu kubadilisha tarehe kwa mkono na kukosea kwa sekunde kadhaa: saa ya GPS haiongezewi sekunde za marekebisho, hivyo mwaka 2015 ilikuwa mbele ya saa ya dunia kwa sekunde 17, na tangu mwaka 2017 iko mbele kwa 18. Kwa ishara ya sekunde 0.2, kosa la sekunde moja tu litakuonyesha kelele tupu. Ukipenda kubadilisha, iachie programu ifanye.

Kuijua kelele kabla ya kuiondoa

Chora kwanza spektra ya kelele, yaani kiasi cha kelele kwenye kila masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwa hezi):

```
hanford.asd(4, 2).plot().show()
```

Hatua hii usiiruke, ingawa haikuonyeshi wimbi. Grafu itakuonyesha bonde pana kati ya hezi 100 na 300 hivi, ambako kelele hushuka hadi karibu 10⁻²³ kwa kila mzizi wa hezi. Upande wa kushoto, chini ya hezi 20, mstari unapanda kama ukuta: hiyo ni ardhi inayotetemeka, kwa mawimbi ya bahari, magari na upepo. Upande wa kulia unapanda polepole, kwa sababu chembe za mwanga hufika kwa kubahatisha na hesabu yake haitulii.

Juu ya bonde hilo imesimama miiba myembamba. Wa hezi 60 ni umeme wa gridi ya Marekani, na wenzake wako 120 na 180. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki aangalie sana: umeme wetu ni wa hezi 50, na ukinakili chujio lililoandikwa kwa ajili ya umeme wetu utaondoa hezi 50 ambazo hazina tatizo, halafu utaacha 60 inayonguruma. Hezi 50 utaihitaji utakapotumia data ya mtambo wa Virgo ulioko Italia. Karibu na hezi 500 utaona kundi la miiba: hizo ni nyuzi za kioo zinazobeba vioo, zikivuma kama zilivyo. Miiba ya karibu na hezi 36 na 331 imewekwa kwa makusudi na wahandisi; wanasukuma kioo kwa nguvu inayojulikana ili wajue mtambo unajibu kwa kiasi gani.

Sasa kusawazisha. Programu hugawanya kila masafa kwa kiwango cha kelele cha masafa hayohayo, hata yote yabaki na uzito sawa. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona karibu na mashine ya kusaga: mngurumo wa mashine uko kwenye sauti nzito, na ukishaupunguza mahali pake tu, mnong'ono unabaki ulipokuwa. Baada ya hapo weka chujio la mkanda linaloruhusu hezi 35 hadi 350:

```
h = hanford.whiten(4, 2).bandpass(35, 350)
l = livingston.whiten(4, 2).bandpass(35, 350)
h = h.crop(1126259462.2, 1126259462.5)
l = l.crop(1126259462.2, 1126259462.5)
```

Namba 4 na 2 zina maana. Kelele inapimwa kwa vipande vya sekunde 4 vinavyopishana kwa sekunde 2, hivyo sekunde 32 zinatoa vipande 15. Ukifupisha kipande kuwa sekunde 0.5, miiba myembamba inapanuka na kusawazisha kunakula masafa ya jirani. Ukikirefusha hadi sekunde 16, vipande vinabaki vitatu na wastani hauaminiki.

Mpangilio nao una maana: safisha kwanza sekunde zote 32, ndipo ukate. Chujio likianza na likiisha hutoa mikwaruzo pembeni, na ukikata sekunde 0.3 kabla ya kuchuja, mikwaruzo hiyo itaifunika ishara yote. Hili ndilo kosa linalowapotezea wanaoanza muda mwingi kuliko yote, kwa sababu matokeo yake yanafanana na wimbi.

Kuliona wimbi katika mitambo miwili

Mitambo miwili haikuelekezwa upande mmoja. Mkono unaorefuka Hanford unalingana na mkono unaofupika Livingston. Kwa hiyo geuza alama ya Livingston, uisogeze mbele milisekunde 6.9, kisha chora zote pamoja:

```
from gwpy.plot import Plot
l.shift(0.0069)
l = l * -1
Plot(h, l).show()
```

Mistari miwili itapanda na kushuka pamoja, mawimbi yakizidi kubanana na kurefuka hadi kilele karibu na 462.42 (tarakimu za mwisho za sekunde za GPS), kisha yanazimika ghafla. Kabla ya 462.3 mistari hiyo haikubaliani, kwa sababu hapo ni kelele, na kelele ya Washington haiijui ya Louisiana. Tulia hapo uitazame. Makubaliano hayo ya mitambo iliyotengana km 3,000 ndiyo ushahidi wenyewe; kila kinachofuata kinajengwa juu yake.

Mkwaruzo wa kifaa, hata ukiwa na umbo zuri la kupanda, hutokea kwenye mtambo mmoja. Ndiyo maana mstari mmoja peke yake usiuamini. Kundi la LIGO lenyewe halikuishia kwenye macho: lilipitisha kwenye data maelfu ya maumbo yaliyokokotolewa kutoka nadharia ya Einstein, likapata ishara yenye nguvu mara 24 ya kelele, na likakadiria kwamba kelele tupu ingeigiza tukio kama hilo chini ya mara moja katika miaka 203,000.

Kwa picha ya masafa dhidi ya wakati:

```
q = hanford.q_transform(frange=(30, 500),
        outseg=(1126259462.2, 1126259462.5))
q.plot().show()
```

Utaona mkia unaopinda kwenda juu, wa rangi kali mwishoni. Ukitaka kuisikia, hifadhi data iliyosafishwa kama faili la wav, lakini tumia vipokea sauti vya masikioni. Spika ndogo za simu haziwezi hezi 40, na utadhani faili halina kitu.

Kupima masi kwa mkono

Vitu viwili vinavyozungukana hupoteza nishati kupitia mawimbi, vinakaribiana, na vinaongeza kasi. Kasi ya kupanda kwa masafa inategemea mchanganyiko mmoja wa masi zao, ambao hapa tutauita masi ya mlio, M. Mpaka karibu na mwisho, masafa f hufuata kanuni hii:

f^(−8/3) = K × (t₀ − t)

ambapo t₀ ni wakati wa kuungana. Ukichora f^(−8/3) dhidi ya wakati unapata mstari ulionyooka unaoshuka, na mteremko wake ni K. Kwa masi ya mlio sawa na Jua 30, K ni 0.000448 kwa vizio vya hezi na sekunde, na kutoka hapo:

M = 30 × (K ÷ 0.000448)^0.6, kwa masi za Jua.

Masafa yenyewe unayapata kwa kupima wakati kati ya sehemu mbili mfululizo ambapo wimbi linavuka sifuri. Huo ni nusu mzunguko, hivyo f ni 0.5 ikigawanywa kwa muda huo.

```
import numpy as np
t = h.times.value - 1126259462
y = h.value
i = np.where(y[:-1] * y[1:] < 0)[0]
z = t[i] - y[i]*(t[i+1]-t[i])/(y[i+1]-y[i])
f = 0.5 / np.diff(z)
kati = 0.5 * (z[:-1] + z[1:])
ok = (kati > 0.33) & (kati < 0.41)
K = -np.polyfit(kati[ok], f[ok]**(-8/3), 1)[0]
print(30 * (K / 0.000448)**0.6)
```

Mambo matatu ndani ya mistari hiyo hayapaswi kuondolewa. La kwanza ni kutoa 1126259462 kwenye muda. Ukiacha namba yenye tarakimu kumi, kulinganisha mstari kunakuwa hesabu ya tofauti ndogo mno juu ya namba kubwa mno, na jibu linaweza kutoka ovyo. La pili ni mstari wa z, unaokadiria mahali halisi pa kuvuka sifuri kati ya sampuli mbili. Sampuli hupishana milisekunde 0.244, na nusu mzunguko wa hezi 100 ni milisekunde 5. Bila makadirio hayo kila kipimo kinaweza kukosea kwa asilimia 5. Nayo M inafuata f kwa kipeo cha 1.6, hivyo kosa la asilimia 10 kwenye masafa ni karibu asilimia 16 kwenye masi. La tatu ni kusimama kwenye 0.41. Karibu na kilele vitu vinagusana na kanuni hii rahisi haishiki tena. Ukijumuisha mizunguko ya mwisho utaupinda mstari.

Kabla ya kuipa kompyuta, jaribu kwa pointi mbili. Tuseme umesoma hezi 43 mahali fulani, na hezi 78 sekunde 0.08 baadaye. 43^(−8/3) ni 0.00004406, na 78^(−8/3) ni 0.00000900. Tofauti yake, 0.00003506, ukiigawa kwa 0.08 unapata K ya 0.000438, na M inatoka 29.6. Kwa kulinganisha, M ya 30 hutoa karibu hezi 33 sekunde 0.2 kabla ya kuungana, 43 ikibaki 0.1, 55 ikibaki 0.05, na 101 ikibaki 0.01.

Ukipata 35 au 37 badala ya 30 usiitupe kazi yako. Kuvuka sifuri kunasumbuliwa na kelele, hasa kwenye mizunguko ya mwanzo ambayo ni dhaifu. Lakini ukipata 10 au 80, rudi nyuma: aidha kuna kuvuka kwa uongo ndani ya kipande chako (kutafute kama f inayoruka ghafla hadi hezi 300, uiondoe), au umepima kwenye data iliyokatwa kabla ya kuchujwa.

Kutoka masi hadi shimo jeusi

Hapa ndipo kazi inapolipa. Kama vitu viwili vinalingana, jumla ya masi ni M mara 2.3, hivyo 30 inatoa karibu Jua 70. Kwenye kilele wimbi lina hezi 150. Kila mzunguko wa jozi hutoa mawimbi mawili, kwa hiyo vitu vinazungukana mara 75 kwa sekunde. Kanuni ya Kepler inakupa umbali kati yake: mzizi wa tatu wa GM ikigawanywa kwa mraba wa kasi ya mzunguko (G ni namba thabiti ya graviti, na M hapa ni jumla ya masi, si masi ya mlio). Weka GM ya Jua kuwa 1.327×10²⁰, zidisha kwa 70, gawa kwa (2π × 75)². Jibu ni km 347.

Masi ya Jua sabini ndani ya km 350, zikizungukana mara 75 kwa sekunde. Nyota ya kawaida haienei hapo. Hata kibete cheupe, yaani kiini kinachobaki nyota ndogo ikifa, kina nusukipenyo cha maelfu ya kilomita, kwa hiyo viwili vingekuwa vimeshagongana kitambo. Nyota za nyutroni ni ndogo vya kutosha, kama km 12, lakini haziwezi kubeba zaidi ya Jua 2 au 3. Vipi kama kimoja kilikuwa nyota ya nyutroni ya Jua 3 na kingine shimo kubwa? Ili masi ya mlio ibaki 30, mwenzake angepaswa kuwa na Jua 950 hivi, na jozi nzito kiasi hicho humaliza kukaribiana ikiwa na wimbi la hezi 4 au 5 tu. Haifiki 150. Wakati huohuo, nusukipenyo cha Schwarzschild, yaani ukubwa wa shimo jeusi, ni km 2.95 kwa kila masi ya Jua, hivyo mashimo mawili yenye jumla ya 70 yana nusukipenyo zinazojumlisha km 207. Yanaenea ndani ya 347, na kwa shida. Hakuna kitu kingine kinachojulikana kinachotosha.

Kuna rekebisho moja kabla ya kulinganisha na namba rasmi. Wimbi limesafiri takriban miaka nuru bilioni 1.3, na upanukaji wa ulimwengu umelirefusha kwa asilimia 9, jambo linalofanya masi zionekane kubwa kwa asilimia hiyohiyo. Gawa 30 kwa 1.09 upate 27.5, na 70 upate 64. Namba zilizotangazwa ni Jua 36 na 29 kabla ya kuungana, na shimo moja la 62 baadaye. Jua tatu zimekosekana: ziligeuka kuwa nishati ya wimbi.

Mashimo haya yalizaliwaje

Nyota nzito huunguza hidrojeni kuwa heli, heli kuwa kaboni na oksijeni, na kuendelea hadi silikoni, kila hatua ikiwa fupi kuliko iliyotangulia. Miaka milioni kadhaa inaenda kwenye hidrojeni. Silikoni ya mwisho huisha kwa siku chache tu. Kinachobaki kiinini ni chuma, na kuunganisha chuma hakutoi nishati. Kiini hicho kikizidi takriban Jua 1.4, shinikizo la elektroni haliwezi kukibeba. Elektroni zinasukumwa ndani ya protoni, zinazalisha nyutroni na nyutrino, na kiini chenye upana wa maelfu ya kilomita kinaporomoka hadi makumi ya kilomita katika muda usiofika sekunde moja.

Hapo njia zinagawanyika. Nyutroni zikishika na mshtuko ukafaulu kurusha tabaka za nje, unapata supanova na nyota ya nyutroni. Mshtuko ukishindwa, au mabaki yakirudi na kuipitisha nyota hiyo kwenye kikomo cha Jua 2 hadi 3, hakuna nguvu inayojulikana ya kuizuia, na shimo jeusi linafungika. Kwa ujumla nyota zilizozaliwa na masi zaidi ya Jua 20 au 25 ndizo zinazoelekea huko, ingawa mpaka hauko wazi: muundo wa kiini nao una neno, na nyota mbili zenye masi zinazokaribiana zinaweza kuishia tofauti.

Lakini kupata shimo la Jua 30 si rahisi. Nyota nzito hupeperusha masi yake kwa upepo mkali, maana mwanga wake husukuma elementi nzito za angahewa lake, hasa chuma. Nyota iliyojaa elementi hizo kama Jua letu hupoteza mno kabla ya kufa. Ndiyo sababu 36 na 29 zinaelekeza kwenye nyota zilizozaliwa katika gesi safi zaidi, yenye nusu ya elementi nzito za Jua au pungufu. Unaona jinsi namba mbili zilizopimwa kwa leza zinavyosimulia aina ya gesi ya zamani sana.

Swali la pili ni gumu zaidi. Mashimo ya 36 na 29, yakizungukana kwa duara, huungana ndani ya miaka bilioni 10 pale tu yanapoanza kwa umbali usiozidi nusukipenyo 46 za Jua, yaani kama sehemu ya tano ya umbali kati ya Dunia na Jua. Nyota nzito, zikivimba uzeeni, huweza kufikia nusukipenyo mamia za Jua. Mashimo yamekaaje mahali ambapo wazazi wao wasingeenea? Njia moja ni kwamba nyota zilizaliwa pamoja zikapeana masi, na bahasha ya gesi au mmiminiko wake ukazivuta karibu. Nyingine ni kwamba mashimo yalikutana baadaye ndani ya kundi la nyota lililosongamana, yakashikana kwa kupitiana karibu na nyota nyingine. Jozi zilizozaliwa pamoja hutarajiwa kujizungusha kuelekea upande wa mzunguko wao; zilizokutana njiani hujizungusha upande wowote. Kwa GW150914 kipimo cha mzunguko huo kilitoka karibu na sifuri, na hivyo hakikuamua.

Ikigoma, na ukitaka kuendelea

Grafu ikitoka tupu kabisa, kagua kama kuna NaN (alama ya kompyuta ya mahali pasipo na namba) ndani ya data. Mafaili marefu yana mapengo ya muda mtambo ulipokuwa umezimwa, na NaN moja ikipita kwenye chujio hugeuza kila kitu kuwa NaN. Kata kwanza kipande kisicho na pengo. Ukiwa unaandika programu yako mwenyewe, tumia namba za biti 64: nguvu ya kelele ni kama 10⁻⁴⁶, na namba za biti 32 huigeuza kuwa sifuri, kisha unagawanya kwa sifuri.

Usikimbilie GW151226, wimbi jingine la mashimo meusi, kama zoezi la pili. Masi zake ni ndogo na nguvu yake imesambaa kwenye mizunguko mingi, hivyo kwa chujio la mkanda haionekani kwa macho. Lazima uitafute kwa kuilinganisha na umbo lililokokotolewa. Kwa macho, GW170814 ni chaguo zuri zaidi, na inakuletea pia Virgo na hezi 50 zake. GW170817, nyota mbili za nyutroni zilizoungana tarehe 17 Agosti 2017, inadumu sekunde 100 hivi, kwa hiyo faili la sekunde 32 halitoshi na mkanda upanuliwe juu zaidi. Data ya Livingston ya tukio hilo ina mkwaruzo mkubwa sekunde 1.1 kabla ya kuungana: chukua toleo lililosafishwa, au ufute sehemu hiyo taratibu kwa dirisha laini kabla ya kusawazisha, la sivyo chujio litaumwaga mkwaruzo huo juu ya ishara yenyewe.